Mama Huondoka Mvua Ikikaribia

Tulipokuwa tunaondoa vitu vya Kukhu chumbani mwake baada ya mazishi, niliona tundu kwenye fremu ya dirisha. Lilikuwa dogo, la kupitisha kidole cha mtoto, na mtu alikuwa ameliziba kwa kipande cha sabuni ya bluu. Niliikwangua kwa ukucha nikanusa. Ilikuwa imekauka kama jiwe, lakini harufu ya nguo zilizolowekwa ilikuwa bado hai, na papo hapo tumbo langu likakaza kama la mtoto anayesubiri kuitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Nimesoma chuo kikuu. Nimefundishwa kutoamini jambo mpaka nijue lilipimwaje, na rafiki zangu husema nimezidisha, kwamba siwezi kuambiwa saa bila kuuliza hiyo saa ilirekebishwa lini. Tumbo lenyewe halikuuliza kitu. Lilijua tundu lile ni la nini.

Kukhu ni nyanya. Familia yetu ilitoka magharibi, babu akaletwa Nakuru na kazi ya reli, na ingawa sisi watoto tulikua tukizungumza Kiswahili na Kiingereza cha shule, majina ya nyumbani yalibaki: nyanya ni Kukhu, ndugu ya mama ni Khocha. Kupitia tundu lile ndipo waya wa intaneti ulipoingia katika nyumba yetu ya Langalanga, mwaka ambao mama alikwenda Uarabuni kufanya kazi ya nyumba.

Kukhu hakutaka aende. Usiku kabla ya safari niliwasikia kupitia ukuta. Hawakupigiana kelele, walikuwa wakisemezana polepole, na hiyo ilinitisha zaidi.

"Ukienda huko usinipigie simu ukilia," Kukhu alisema.

"Sitakupigia," mama akajibu.

Khocha, aliyekuwa akitengeneza simu katika kibanda mjini, ndiye aliyeleta kompyuta. Ilikuwa ya kupakata, iliyotumika, na kibodi yake ilikuwa na herufi mbili zilizofutika. Siku mafundi wa waifai walipokuja, walizunguka nyumba wakitafuta pa kuingilia, wakaona nguzo yao inaelekea dirisha la Kukhu, wakatoboa hapo. Kisanduku chao cheupe chenye taa wakakiweka juu ya sanduku lake la nguo na kukichomeka kwenye soketi iliyo kando ya kitanda. Kukhu alikifunika kwa kitambaa cha kufuma, Khocha akakifunua, Kukhu akakifunika tena. Mwishowe walikubaliana kitambaa kikae chini yake.

Kompyuta ilikaa sebuleni. Kwenye kona ya skrini, karibu na picha yetu ndogo, kulikuwa na nukta. Khocha alinionyesha. "Hii ikiwa kijani, mama yako huko aliko anajua tupo. Ikiwa ya kijivu, hatupo. Umeshika, Injinia?"

Nilisema nimeshika. Nilichoshika mimi ni kwamba ile nukta ni jicho la mama. Likiwa kijani limefunguka, anatuona. Likiwa la kijivu amelifumba. Hakuna aliyeniambia hivyo, na wala sikumwambia mtu, kwa sababu lilionekana jambo la wazi mno.

Mwanzoni mama alipiga karibu kila jioni. Tulimwona uso, chumba chake chembamba, shati lake lililoanikwa kwenye kishikio cha mlango. Kukhu hakukaa mbele ya kamera. Alikuwa jikoni akiosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi, na mama hakuuliza aliko.

Kisha simu zikakoma, na siku aliyopiga tena ilikuwa mchana, uso wake uko gizani na nyuma yake mashine ya kufulia inanguruma. Alinong'ona. Waajiri walikuwa wamemnyang'anya simu na pasipoti, na walimfungia nyumbani. Alikuwa akitumia tableti ya mtoto wao, ambayo angeweza kuichukua wakati mmoja tu, wakilala mchana baada ya kula. Wikendi haikuwezekana, nyumba ilijaa wageni. Khocha, ambaye kwa bahati hakuwa kazini, alimwambia atakwenda kwa ajenti aliyempeleka.

Alikwenda. Ajenti akamwambia walishamhamisha kwa familia nyingine, hawana rekodi, waletewe anwani ya nyumba ndipo waanze kufuatilia. Bila anwani wangemtafuta wapi, nchi nzima ile? Mama alipopatikana tena kwa dakika chache, Khocha alimweleza. Mama hakujua mtaa wala barabara. Aliletwa usiku, na tangu hapo hakuwa ametoka nje ya geti.

"Nitatafuta," alisema. "Lazima kuna bili mahali. Nikiipata nitapiga. Lakini nikiangalia nione hampo, sitangoja. Nitarudisha hii kitu mahali nimeitoa."

"Tutakuwepo," Khocha alisema. "Mtoto akitoka shule atakaa hapa hapa."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu, na baada ya hapo mama akanyamaza.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Wanaoijua Nakuru wanajua mchana wa msimu ule: asubuhi jua kali, halafu baada ya chakula mawingu yanashuka kutoka upande wa Bahati, mazito, rangi ya chuma, na hata kabla tone halijaanguka unaanza kusikia ngurumo kule nyuma ya Menengai. Nilikuwa nikifika kutoka shule, navua viatu, nakaa mbele ya kompyuta. Nukta ya kijani. Naiangalia mpaka macho yananiwasha. Kisha, bila kosa, inageuka kuwa ya kijivu.

Jioni Khocha aliuliza kabla ya kuvua koti. "Leo ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa kijani halafu ikaenda."

"Saa ngapi?"

"Mvua ikikaribia."

"Ni mvua," alisema, akishika kiuno. "Hii mvua itatumaliza."

Kila mtu mtaani aliamini hivyo, kwamba wingu likitanda netiweki inalala. Khocha alipambana na mvua kama mtu anayepambana na mwizi. Alipanda juu ya mabati akafunga maungio ya waya kwa karatasi za nailoni. Aliziba tundu la dirisha kwa sabuni ili maji yasipenye. Alibadilisha kichwa cha waya, alifuta programu na kuziweka upya, alipuliza vumbi ndani ya kompyuta mpaka sebule ikanuka vumbi lililoungua. Alianza kushuku majirani. Akabadilisha nywila, na kesho yake Mama Kevo, ambaye mwanawe alikuwa akitazama mpira kwa waifai yetu bila sisi kujua, akasimama kwenye ua.

"Kwani siku hizi mmefunga hata hewa?" aliuliza.

"Hewa iko, Mama Kevo. Ni bando ndiyo imeisha," Khocha akamjibu.

Nukta iliendelea kufa mchana. Jioni Khocha alipofika kila kitu kilifanya kazi, haraka na vizuri, na hilo lilimkasirisha zaidi. Alipiga simu kwa kampuni, akaweka sauti ya nje ili sisi sote tuwe mashahidi.

"Mmejaribu kuzima na kuwasha tena?" kijana wa huduma aliuliza.

"Boss, nimezima na kuwasha mpaka kidole kinauma."

"Taa ziko rangi gani?"

"Saa hii ni kijani zote."

"Sasa shida ni gani?"

"Shida ni ya mchana."

"Basi ungetupigia mchana."

"Mchana niko job, boss. Wewe pia uko job, si ndiyo maana unashika simu?"

Kukhu alicheka kidogo, kisha akaacha. Nilimwona akiangalia mikono yake. Tulikuwa tumeanza wote kuwa hivyo, watu wanaocheka kidogo kisha wanaacha. Chakula kilibaki kwenye sahani. Khocha alianza kusoma habari za wasichana waliorudishwa kutoka kule, na Kukhu akiingia Khocha alikuwa akifunga simu haraka. Nilijua kusoma. Nilijua kwamba baadhi yao walirudi ndani ya masanduku, ila nilidhani ni masanduku kama lile la Kukhu, na nilijiuliza wangepumuaje njiani.

Huko sebuleni, nikiwa peke yangu na lile jicho, nilianza kupima. Sidhani nilijua napima. Nilitaka tu kujua ni nini kilichokuwa kikimfanya mama afumbe. Siku moja nilikaa na miguu ya matope juu ya kochi. Nukta ikabaki kijani. Nilitoa ulimi. Kijani. Siku nyingine nilifanya hesabu zote na kuchana nywele. Kijani, halafu kijivu kama kawaida. Kwa hiyo haikuwa tabia yangu, na hilo lilinipa nafuu kidogo. Ndipo nikamwona Kukhu.

Ilikuwa hivi kila siku. Kukhu alikuwa akikaa karibu na dirisha akichambua mboga. Mawingu yakitanda alisimama, akatazama nje, akachomoa waya wa televisheni, akachomoa chaja ya kompyuta, nayo ikaendelea kwa betri. Akabeba vijiko vilivyoachwa uani akaviingiza ndani. Kisha akaingia chumbani mwake akafunga mlango. Muda mfupi baadaye, kijivu. Siku moja nilimzuia kwa kumwomba chai, halafu mkate, halafu anifunge kifungo. Alipokuwa nami, jicho lilikuwa kijani. Alipoingia chumbani, likafumba. Nilirudia mara nyingi za kutosha. Hata leo, nikiwa nimefundishwa takwimu na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, siwezi kulaumu kipimo kile. Kilikuwa sahihi. Maana niliyoipa ndiyo haikuwa.

Maana niliyoipa ni hii: mama hataki kumwona Kukhu. Si walikubaliana nyuma ya ukuta, usinipigie, sitakupigia? Kukhu akielekea chumbani, alikolala mama zamani na ambako harufu yake ilikuwa bado kwenye blanketi, mama anaudhika, anaondoka. Na kwa kuwa anaondoka, hatupi anwani, na kwa kuwa hatupi anwani, hatarudi. Yote yalikuwa kwa sababu ya mwanamke huyu aliyekuwa akinipikia.

Nilianza kukataa kulala naye. Nilihamia kwenye kochi. Hakuuliza.

Halafu siku moja, ngurumo ikiwa bado mbali, Kukhu aliweka chini mboga zake akasimama, nami nikajikuta nimesimama mlangoni mwa chumba chake na mikono nimeitanua.

"Usiingie."

"Toka hapo, wewe mtoto. Mvua inakuja."

"Ukiingia mama anaenda. Kila siku ukiingia anaenda. Hataki kukuona."

Kukhu alinitazama. Nilitegemea kofi. Badala yake alivuta kiti akakaa, kama mtu aliyeambiwa habari akiwa amesimama.

"Nani amekuambia hataki kuniona?"

"Nimeona mwenyewe. Pale," nikaelekeza kidole kwenye nukta.

Aliitazama nukta. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Akaingia chumbani, nami nikarudi kwenye kompyuta. Mlango aliuacha wazi lakini kutoka pale nilipokaa sikumwona. Nilisikia leso ikivutwa juu ya kioo cha kabati, maana kioo nacho huwa kinafunikwa radi ikikaribia.

"Ameenda?"

"Bado yuko."

Nikasikia dirisha likifungwa.

"Na sasa?"

"Yuko."

Kisha mlio mdogo, tk, wa kitu kinachotoka kwenye soketi. Nukta ikageuka.

"Na sasa?" sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ameenda."

Tk tena. Tulingoja, yeye kule, mimi huku. Muda ulikuwa mrefu kiasi kwamba nilisikia kunguru wakikwaruza mabati. Kisha kijani.

"Amerudi," nilisema.

Nilipokwenda kumwona alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika ule waya mweupe mapajani bila kuukaza, jinsi unavyoshika mkono wa mgonjwa. Alikuwa hajui. Aliamini intaneti iko ndani ya kompyuta, ndiyo maana kompyuta aliniachia ikiwaka, akijinyima usalama wake kwa ajili yangu. Kisanduku chenye taa alikiona kama chaja ya aina fulani. Na kuchomoa nyaya radi ikija na kuzirudisha mvua ikiisha hakukuwa jambo la kutangaza. Nani hutangaza kwamba amefunga mlango?

Jioni Khocha aliposikia alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mathe. Siku hizi zote mimi napanda juu ya mabati na makaratasi kama nyani."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza aje kitu sijui?"

"Basi usinipigie kelele kwa kitu ambacho hata mimi sikujua."

Baadaye, Kukhu akiwa jikoni, Khocha aliniambia kwa sauti ndogo kwa nini haliwezi kuwa jambo rahisi kwake. Alipokuwa msichana kule karibu na Kakamega, alitumwa kumwita mdogo wake aingie ndani, mvua inakuja. Mtoto alikuwa uani, ameshika kifuniko cha sufuria kichwani kama mwavuli. Alimwona akigeuka kumjibu, ndipo radi ikapiga.

"Kwa hivyo kesho usiichomoe," Khocha alimwambia Kukhu aliporudi, bila kumtazama machoni.

"Nimesikia."

Kesho yake mawingu yalikuja. Kukhu alichomoa televisheni, akafunika kioo, akaingiza vijiko, akarudi sebuleni akakaa juu ya mikono yake. Ngurumo ilipopiga alitetemeka mpaka kochi likalia. Nukta ilibaki kijani, na simu haikuja. Siku iliyofuata pia. Na nyingine. Sasa hofu ilikuwa imebadilika, kwa sababu hatukuwa tena na kosa la kurekebisha. Huenda mama aliangalia siku zote zile za kijivu akachoka. Huenda tableti ilifichwa. Khocha aliacha kuuliza mlangoni. Alikuwa akitazama tu uso wangu.

Iliita siku ambayo mvua ilikuwa tayari imeanza kupiga mabati. Nilibonyeza mara mbili kwa pupa, nusura niikate. Uso wa mama ulitokea, mwembamba, kilemba kimelegea.

"Khocha yuko?"

"Hayuko."

"Sawa. Chukua kalamu. Haraka, mama."

Alinyanyua karatasi mbele ya kamera. Ilikuwa bili, na juu yake kulikuwa na mistari ya maandishi ya Kiarabu.

"Siwezi kusoma hiyo," nilisema.

"Hata mimi siwezi. Chora. Chora vile unaona, usiache kitu."

Nilivuta kalenda ya kanisa kutoka ukutani, nikaigeuza, nikaanza kuchora, nikitoka kushoto kama mtu anayechora ua wa miti. Mikunjo, vijiti, nukta juu, nukta chini. Radi ikamulika, mwanga mweupe ukajaa dirishani, na ngurumo ikafuata karibu sana. Skrini ilisita. Uso wa mama ulisimama, ukarudi.

"Hiyo ni radi? Mwambie Kukhu achomoe."

"Nichomoe nini?" Kukhu alisema kutoka kwenye kochi. Alikuwa amepandisha miguu, leso ameivuta mpaka kwenye nyusi. "Mtoto bado anachora."

Mama alisogeza uso karibu na kamera. Tangu aondoke, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti ile.

"Mama?" aliita.

"Shika karatasi vizuri. Mkono unatetemeka, mtoto haoni."

"Wewe pia unatetemeka, nasikia kochi."

"Mimi sijashika karatasi."

Radi ikapiga tena. Kukhu alisema kitu kwa Kiluhya, si kwangu wala kwa mama. Nilichora mpaka mstari wa mwisho. Mama akageuza kichwa ghafla, akasikiliza, akasema, "Wameamka," na picha ikatoka.

Khocha alipoiona kalenda alikaa chini. "Na kwa nini hamkupiga picha ya skrini? Kuna kitufe."

"Wewe na kitufe chako mlikuwa wapi?" Kukhu alimuuliza.

Alizungusha kalenda ile ofisi nyingi, kwa ajenti kwanza, kisha Nairobi. Mahali fulani mtu aliyejua kusoma Kiarabu aliisoma. Mama alirudi mvua zilipokwisha, na mfuko mmoja wa plastiki.

Katika familia yetu husemwa kwamba mchoro wangu ndio uliomrudisha. Nimejaribu kuhakiki, kama kawaida yangu. Khocha anaamini kabisa. Mama anasema huenda wale watu walimchoka tu wakamtoa, na kwamba hakuona askari wala afisa, aliona geti limefunguliwa na dereva amewasha gari. Ofisi zile hazina tena watu wale, na hakuna wa kumuuliza. Nimelazimika kuishi bila kujua, jambo ambalo silimudu vizuri.

Ninalojua ni hili. Siku chache baada ya kurudi, mama aliomba kuiona kalenda. Aliifuata mistari kwa kidole, kutoka kulia, akitabasamu kidogo, mpaka alipofika kwenye duara moja kubwa lenye mkia, nililolichora kwa uangalifu kuliko yote.

"Hii si herufi," alisema.

"Ulisema nisiache kitu."

"Ni doa la mafuta." Kidole chake hakikuondoka pale. "Hii bili nilikuwa naificha ndani ya nguo nikipika. Siku moja yule mama mwenye nyumba aliingia ghafla nyuma yangu, nikageuka, mafuta yakamwagika."

Nilitaka kuuliza yalimwagikia wapi pengine. Kukhu, aliyekuwa karibu na dirisha, aliacha kuchambua mboga. Mama aliushusha mkono wa sweta yake mpaka kwenye vidole, akakunja kalenda, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa na swali nikaliacha.